Kabla ya spika kubwa, kwaya isikie kwanza



Dominika moja ya mwaka jana, baada ya Misa ya pili, mama mmoja mzee alinisubiri nje, karibu na mlango wa sakristia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumbani. Kisha akasema taratibu, kama mtu asiyetaka kuudhi: "Mwanangu mwalimu, leo mmetuimbia vizuri. Ila sisi hatukuimba."

Sikuwa na la kujibu. Dominika ile tulikuwa tumeazima spika kubwa mbili. Kinanda kilisikika mpaka barabarani. Wanakwaya walitoka na jasho na sauti zimekauka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshahesabu siku ile kuwa ya ushindi, hadi mama yule aliponisimamisha.

Nimeamua kuandika kwa sababu jambo lenyewe linarudi mezani. Baada ya mavuno, kamati ya kwaya yetu hapa Nangwa itakaa kuamua fedha ya vyombo itumikeje. Najua kwaya nyingi za Mbulu na Hanang ziko kwenye mazungumzo hayohayo. Kwetu kuna mapendekezo mawili. Wazee wa kamati wanataka spika nyingine mbili kubwa, ziungane na zilizopo. Vijana wa bendi, yaani wapiga kinanda, magitaa na ngoma, wameona kwenye simu jinsi waimbaji wa mijini wanavyovaa spika ndogo za masikioni zisizo na waya, nao wanataka kila mmoja awe na yake. Kwa lugha ya mafundi hizo huitwa monita za masikioni: mwimbaji anapata masikioni mwake sauti yake, kinanda na wenzake, bila kutegemea spika za ukumbini.

Maoni yangu ni haya. Wazee wamekosea ugonjwa. Vijana wameujua ugonjwa, lakini dawa wameipatia nusu.

Tuanze na ugonjwa. Mwanakwaya asiyejisikia hupaza sauti. Akipaza yeye, jirani yake naye hapati kujisikia, anapaza zaidi. Mpiga kinanda akizidiwa anaongeza sauti ya kinanda. Fundi mitambo akiona kinanda kimefunika waimbaji, anaongeza maiki. Maiki zikiongezwa sana, spika zinaanza kupiga filimbi ile tunayoijua wote, Padre anageuka, watoto wanaziba masikio. Katika vurugu hiyo mwamini aliyeketi benchi la tano anajaribu kuimba "Utukufu", hajisikii hata yeye mwenyewe, anafunga kitabu na kusikiliza. Hakuna aliyemkataza kuimba. Amezidiwa tu.

Sasa ukiongeza spika mbili kubwa zinazowatazama waamini, umebadilisha nini? Kwaya bado haijisikii, kwa maana spika hizo zimeipa kisogo. Inachopata ni sauti iliyokwenda hadi ukuta wa nyuma na kurudi. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Kanisa lenye urefu wa mita 30, sauti ikienda na kurudi imetembea mita 60, na hiyo ni karibu sekunde 0.18. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni nusu sekunde. Maana yake mwangwi unaifikia kwaya ukiwa umechelewa kwa zaidi ya theluthi moja ya pigo. Wapiga ngoma wakifuata mwangwi, wimbo unavutwa nyuma. Mwalimu akipunga mkono mbele, kwaya inagawanyika. Halafu tunalaumiana kwamba watu hawaji mazoezini.

Nenda kwenye kigango kisicho na umeme ujionee kinyume chake. Kwaya ya watu 15, kayamba, ngoma moja, wamesimama bega kwa bega. Hawana kifaa hata kimoja, lakini wanaimba pamoja kwa sababu kila mmoja anamsikia mwenzake. Na waamini wanaimba nao. Tukinunua vyombo tupate hali mbaya kuliko ile ya kigango, tumepoteza fedha na sala.

Kanisa limeshasema juu ya hili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 114, unataka kwaya ziendelezwe kwa bidii, na palepale unawataka wachungaji wahakikishe kusanyiko zima la waamini linashiriki katika ibada inayoimbwa. Instruksio ya Musicam Sacram ya tarehe 5 Machi 1967 inasema wazi kwamba haifai kuiachia kwaya peke yake nyimbo zote za Misa, waamini wakabaki nje. Nayo Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 312, yanataka kwaya iwekwe mahali panapoonyesha kwamba ni sehemu ya jumuiya ya waamini. Kwaya imo ndani ya waamini. Kifaa chochote kinachoitenga nao, hata kikiwa cha kisasa namna gani, kinafanya kazi kinyume na agizo hilo.

Ndiyo maana nawaunga mkono vijana kwa nusu ya kwanza: fedha iende kwanza kwenye masikio ya wanaoimba. Monita za masikioni zina faida halisi. Hazipigi filimbi kwenye maiki. Zinapunguza makelele jukwaani. Mwaka 1995 fundi Jerry Harvey alianzisha kampuni ya Ultimate Ears baada ya kumtengenezea spika za masikioni mpiga ngoma Alex Van Halen, aliyekuwa akisumbuliwa na makelele ya jukwaa. Tatizo la mpiga ngoma yule na la kijana wetu anayepiga ngoma pembeni ya altare ni lilelile.

Lakini vijana wangu, bila waya kwa kila mtu, kwa nini? Katika Misa ni nani anayetembea? Mpiga kinanda ameketi. Mpiga ngoma ameketi. Wa gitaa la besi na wa gitaa la solo wamesimama mahali pamoja tangu maandamano ya kuingia hadi wimbo wa kutoka. Hawa wote waya unawatosha, tena ni salama zaidi: hauingiliwi na mawimbi na hauna bei ya kutisha. Kuna kifaa kidogo cha Behringer, HA400, chenye matundu manne ya spika za masikioni, na kila tundu lina kitufe chake cha sauti. Kimoja tu kinahudumia bendi nzima ya watu wanne. Behringer P2 ni cha kuvaa kiunoni, kinatumia betri mbili ndogo za AAA, nacho kinachomekwa kwa waya kutoka kwenye mikisa. Vifaa vya aina hii nje ya nchi huuzwa chini ya dola 100. Mfumo wa bila waya wa bei nafuu kama Xvive U4 unazidi hapo kwa mtu mmoja, na wa Shure PSM300 unafika mamia kadhaa ya dola. Ongeza usafiri na ushuru, kisha zidisha kwa watu tisa. Hapo tunazungumzia mahindi ya jumuiya ngapi?

Anayehitaji kweli kuwa huru ni mwalimu anayeongoza, na pengine mwimbaji mmoja au wawili wa kuanzisha. Na hapo kuna siri ambayo baadhi ya wauzaji hawaisemi: kifaa kimoja cha kurushia kinaweza kuhudumia vipokeo viwili, vitatu au zaidi, mradi vyote viwekwe kwenye masafa yaleyale na wote wakubali kusikia mchanganyiko uleule wa sauti. Kununua kirushio kimoja na kuongeza vipokeo ni nafuu kuliko kununua seti kamili kwa kila mtu. Muulizeni muuzaji kama kipokeo kinauzwa peke yake kabla hamjatoa hata senti.

Yapo mengine ya kuuliza kabla ya kulipa, na nayaandika kwa ajili ya kamati yoyote itakayosoma hapa.

La kwanza ni mikisa. Angalieni nyuma au juu yake kuna matundu mangapi yaliyoandikwa AUX, na kama kuna kitufe cha PRE. Sauti ya masikioni inapaswa kutoka hapo, ili fundi mitambo akipunguza sauti ya ukumbini, ya masikioni isipungue nayo. Mikisa isiyo na njia hiyo haitafaa, hata mkinunua monita za thamani gani. Wapo walionunua monita kwanza, wakagundua baadaye kwamba mikisa haiziwezi. Tusiwafuate.

La pili ni masafa. Vifaa vingi vya bila waya hutumia masafa yale yaliyokuwa ya televisheni. Tanzania ilianza kuzima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam. Mwaka 2015, mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva ulifungua masafa ya megahezi 694 hadi 790 kwa simu za mkononi katika kanda yetu. Huko Marekani vifaa vya maiki vya megahezi 700 vilipigwa marufuku mwaka 2010, na vingi vya megahezi 600 vikafuata mwaka 2020. Kwa hiyo ndugu aliye ng'ambo akikupigia kwamba amepata seti nzuri ya mitumba kwa bei ya kutupa, mshukuru, kisha muulize namba ya masafa. Bei ile huenda ina sababu yake. Kwa hapa nchini, mwenye neno la mwisho ni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Na hakikisheni masafa hayagongani na maiki zisizo na waya mlizonazo tayari, hasa ile ya Padre.

Vifaa vingine, kama huo Xvive U4, vinatumia gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya intaneti ya Wi-Fi. Ni rahisi kutumia, havina mambo mengi. Udhaifu wake ni kwamba mwili wa binadamu huyazuia mawimbi hayo, na kanisa lililojaa watu wenye simu si sawa na kanisa tupu la siku ya mazoezi. Dawa yake ni kuweka kirushio juu, mahali kinapoonana na mvaaji, na kukijaribu siku ya Misa yenyewe kabla ya kukikabidhi fedha.

La tatu, msijaribu spika za masikioni za simu zinazounganishwa kwa Bluetooth. Najua zimejaa kila duka. Huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Kwa kusikiliza mahubiri haina shida. Kwa kuimba ni sawa na kurudi kwenye ule mwangwi wa ukuta wa nyuma, safari hii ukiwa ndani ya sikio.

La nne ni afya. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zinapoongezeka muda salama unakatwa nusu. Ukifika desibeli 100, umebaki na dakika 15. Spika ya sikioni iko karibu mno na ngoma ya sikio. Maiki ikianguka, mshindo wake haupiti hewani kwanza. Chagueni kifaa chenye kizuizi cha sauti inayopaa ghafla, na mfundisheni kila mvaaji aanze chini. Pia kila mtu awe na spika zake mwenyewe. Hatuazimani mswaki.

Haya ni ya fundi. Sasa nirudi kwenye lile linalonisumbua zaidi.

Monita ikifanya kazi yake vizuri sana, inaleta hatari mpya. Mwanakwaya aliyeziba masikio yote mawili anasikia kinanda safi, anajisikia mwenyewe, anawasikia wenzake. Mtu mmoja tu hamsikii: yule mama wa benchi la tano. Akiimba, hamsikii. Akinyamaza, hajui. Akianza "Mtakatifu" kwa mwendo wake wa taratibu, kwaya inamwacha nyuma kama basi lililoondoka stendi. Hapo tutakuwa tumetibu ugonjwa wa kwaya kutojisikia, tukaleta ugonjwa mbaya zaidi wa kwaya kutowasikia watu.

Wapo watakaoniambia: mwalimu, sikio moja likibaki wazi mchanganyiko unaharibika, na mwimbaji huongeza sauti ya lile lililozibwa. Ni kweli, na mafundi wengi hawapendi mtindo huo kwa sababu hiyo. Jibu lipo, na halina gharama kubwa: maiki moja itazamishwe kwa waamini, sauti yake iende kwenye masikio ya kwaya tu, isiende kwenye spika za ukumbini. Maiki hiyo haimwongezei mtu sauti. Inailetea kwaya habari. Mwalimu akisikia waamini wameshika wimbo, anapunguza kinanda. Akisikia wamekwama, anarudi kwenye wimbo wanaoujua. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu kati ya kipokeo cha nne na maiki hii, mimi nitapigia kura maiki.

Kwa hiyo nitakachopendekeza kwenye kamati ni mpango wa hatua. Dominika tatu za kwanza tusinunue kitu. Tusogeze kwaya ikae karibu karibu, tuchukue spika moja ndogo tuliyo nayo, tuielekeze kwa waimbaji, na tupunguze zile za mbele. Tusikilize kama watu wanaimba. Hatua ya pili, monita za waya kwa bendi, pamoja na maiki ya kuwasikiliza waamini. Hatua ya tatu, ikibaki fedha na ikionekana kuna haja, kirushio kimoja na vipokeo viwili. Spika kubwa ziwe za mwisho, na huenda tukakuta hatuzihitaji. Betri ziwe za kuchaji, na pawe na seti ya akiba, maana umeme wetu tunaujua.

Ninawasihi pia mafrateri na waseminari mnaosoma jarida hili. Kesho mtakuwa maparoko. Mtaletewa ankara ya vyombo na kamati yenye haraka, na mtaombwa kusaini. Seminarini mnajifunza liturujia na muziki; jifunzeni pia mikisa inavyofanya kazi, hata kwa jioni mbili. Paroko asiyejua tofauti ya spika ya waamini na monita ya kwaya atasaini chochote chenye picha nzuri.

Maana fedha hii ina wenyewe. Ilitoka kwenye debe la mahindi, kwenye kuku na mayai ya mnada baada ya Misa, kwenye bahasha za jumuiya ndogondogo. Tangu maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023 pale Katesh na vijiji vya chini ya Mlima Hanang, hakuna familia huku isiyojua shilingi ina kazi ngapi. Watu hawa wametoa ili Misa iimbwe. Hawakutoa ili wanyamazishwe kwa vyombo walivyovinunua wenyewe.

Mama yule bado anakaa benchi la tano. Dominika iliyopita tulizima spika za mbele wakati wa wimbo wa shukrani, kwa kujaribu tu. Beti la kwanza liliyumba. La pili, nikasikia sauti za wazee zikiingia kutoka nyuma, nzito na polepole, na ikabidi kwaya nzima ipunguze mwendo kuwasubiri. Nilimtazama mpiga kinanda. Alikuwa ameondoa mkono mmoja kwenye kinanda, anasikiliza.